Kiwanja cha Mtaa na Mgeni wa Dar es Salaam

Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na wakazi wapatao 270,000, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima, ongezeko ambalo haliwezi kuelezwa kwa uzazi peke yake, kwa kuwa kila siku mabasi ya mikoani huteremsha katika kituo cha Mbezi Luis watu waliokuja kutafuta kazi, masomo, matibabu au ndugu aliyetangulia, na wengi wao hawarudi tena kuishi walikotoka. Wanaoandika kuhusu maisha ya wageni hao wamezoea kuuliza watapata wapi kazi, watalala wapi na watasafiri vipi, maswali ambayo yana uzito wake. Lakini ni mara chache kuulizwa mgeni atafahamiana na nani katika mtaa asio na ndugu, baada ya saa za kazi, na kwa njia isiyomgharimu fedha ambazo bado hana. Kwa karibu miaka mia moja sehemu kubwa ya jibu la swali hilo imekuwa kiwanja cha michezo cha mtaa. Hoja ya makala haya ni kwamba kiwanja hicho kinapaswa kuhesabiwa miongoni mwa huduma za msingi za jiji, sawa na zahanati na shule, kwa sababu ya kazi yake ya kupokea watu, wala si kwa sababu ya wachezaji mahiri wanaoweza kutoka humo.

Kinachozungumzwa hapa ni michezo ya ridhaa, yaani michezo inayochezwa na watu wasiolipwa mshahara kwa kuicheza, ambao riziki yao iko kwingine na wanaoingia uwanjani jioni au mwishoni mwa wiki kwa hiari yao. Tawi lake kubwa zaidi jijini ni soka la mchangani, lililoitwa hivyo kwa kuwa viwanja vyake havina nyasi, na ndani yake mna ngazi ambazo wenyewe wanazielewa vizuri: chandimu, ambao ni mpira wa watoto unaochezwa popote penye nafasi, mara nyingi kwa mpira wa makaratasi na matambara, mazoezi ya jioni ya timu za mtaa, bonanza, yaani siku moja ya mechi fupi fupi za kirafiki inayoishia kwenye chakula cha pamoja, timu za veterani, ambazo ni za watu waliokwisha kupita umri wa kushindana, na ndondo, mashindano ya timu za mitaa yenye zawadi na watazamaji wengi, ambamo hata wachezaji wa ligi kubwa huonekana wakikodiwa kwa mechi moja. Nje ya soka zipo klabu za jogingi, ambazo ni vikundi vya watu wanaokimbia taratibu pamoja barabarani, na ipo pia netiboli, kikapu, wavu na ngumi.

Uhusiano wa michezo na ugeni katika jiji hili si jambo la juzi. Waingereza walipolichukua kutoka kwa Wajerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliendeleza mpango wa kuligawa kwa rangi za watu, Wazungu wakae upande wa bahari, Wahindi katikati na Waafrika Kariakoo, na kati ya Kariakoo na mitaa ya Wahindi wakaacha ukanda wa wazi wa Mnazi Mmoja, ambao madhumuni yake, kwa kisingizio cha afya, yalikuwa kutenganisha. Ardhi iliyoachwa tupu ili watu wasikutane ikageuka kuwa mahali pa kukutania, na ndivyo ilivyokuwa pia kwa uwanda wa Jangwani kando ya bonde la Msimbazi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika Mashariki, alieleza jinsi vyama vya beni, hasa Marini na Arinoti, vilivyoshindana kwa ngoma huku vikiwasaidia wanachama wao katika ugonjwa na msiba, na klabu za kandanda zilizofuata zilikuta desturi hiyo ya kushindana na kusaidiana ikiwa tayari mjini. Young Africans ya mwaka 1935, pamoja na klabu iliyoanza mwaka uliofuata na ambayo ilipitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971, zilikuwa kwanza klabu za ridhaa za vijana wa Kariakoo, zenye wanachama waliojuana kwa sura, muda mrefu kabla hazijawa na mashabiki wa nchi nzima.

Utaratibu wa kumpokea mgeni katika timu ya mtaa haukuandikwa popote, lakini kutoka Mbagala hadi Tegeta hautofautiani sana. Mgeni hufika kiwanjani kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, akasimama nyuma ya goli, ambako kazi inayomwangukia bila kuombwa ni kurudisha mipira iliyotoka. Goli lenyewe ni miti miwili iliyosimikwa na wa tatu uliolazwa juu yake, mistari imechorwa kwa chokaa au majivu na hufutika kabla ya mapumziko, na pembeni huwapo mtu mzima mmoja mwenye filimbi, ambaye ni kocha, mwamuzi na mweka hazina kwa wakati mmoja. Baada ya siku mbili tatu za kuokota mipira, upande mmoja unapopungukiwa mtu, mgeni huulizwa, "Unacheza namba ngapi?", kwa kuwa nafasi za uwanjani hutajwa kwa namba, golikipa akiwa namba moja, kiungo mkabaji namba sita na mshambuliaji wa kati namba tisa. Swali hilo linastahili kuangaliwa kwa makini. Mahali pengine karibu pote jijini mgeni huulizwa kwanza ametoka wapi, ana elimu gani na nani anamdhamini; hapa hutakiwa kutaja tu kile anachoweza kuwafanyia wenzake, na jibu lake hupimwa palepale. Jina lake halisi laweza lisijulikane kwa wiki kadhaa, kwa sababu kabla ya hapo atakuwa amebatizwa jina la mkoa aliotoka, akaitwa Songea au Kigoma, na hivyo asili yake humrudia kwa njia ya utani badala ya kuhojiwa.

Faida za kukubaliwa namna hiyo huonekana nje ya kiwanja. Mwanasosholojia Mark Granovetter, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1973, alidai kwamba habari za kazi humfikia mtu kwa urahisi zaidi kupitia wale anaofahamiana nao juu juu kuliko kupitia ndugu na marafiki wa karibu, kwa kuwa wa karibu wanajua mambo yale yale anayoyajua yeye. Alikuwa akiandika kuhusu Marekani, lakini timu ya mchangani ya Dar es Salaam ni kama ilitungwa kuthibitisha maneno yake, maana ndani yake mna fundi ujenzi, dereva wa bodaboda, kinyozi, muuza mitumba wa soko la Karume, mwanafunzi wa chuo na mlinzi wa usiku, watu ambao wasingekaa pamoja kwa sababu nyingine yoyote, na ambao baada ya mazoezi huketi juu ya matofali wakivua njumu na kuzungumza. Hapo ndipo mgeni husikia kwamba kuna saiti inahitaji vibarua, au kwamba kuna chumba kinachoachwa wazi mwisho wa mwezi, habari ambayo ikimfikia mapema humwokoa kutoa fedha ya dalali, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mzima, juu ya ile kodi ya miezi kadhaa ambayo mwenye nyumba huitaka kwa mkupuo. Akifiwa, wenzake humchangia nauli ya kwenda kuzika. Akihitaji barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, mwenyekiti anakuwa amekwisha kumwona akicheza, na mtu aliyekwisha kuonekana hupata barua upesi kuliko asiyejulikana na yeyote.

Klabu za jogingi zimekuwa mlango mpana zaidi ya huo, na inasikitisha kwamba katika mazungumzo ya wenye magari hutajwa zaidi kwa foleni zinazosababishwa nazo kuliko kwa wema wao. Alfajiri ya Jumapili, katika barabara za Temeke, Mbagala, Buguruni na kwingineko, makundi hayo hukimbia kwa safu mbili au tatu yakiwa yamevaa fulana za rangi moja zenye jina la klabu mgongoni; mbele na nyuma huwapo mwenye kibendera chekundu wa kuyatahadharisha magari, filimbi hupulizwa, mwimbishaji hutoa mstari na kundi zima huuitikia, na mwendo wa wimbo ndio unaoamua mwendo wa miguu, ili mama wa miaka hamsini na kijana wa miaka ishirini wafike pamoja. Hakuna anayeachwa nyuma, kwa sababu kasi haitafutwi. Wakifika uwanjani hupiga viungo, yaani mazoezi ya kunyoosha mwili, kisha hunywa supu au chai, na katibu hufungua daftari la mahudhurio na michango, ambamo mna safu ya ada, safu ya msiba na safu ya mgonjwa. Klabu moja huialika nyingine, na iliyoalikwa hudaiwa kurudisha mwaliko, jambo linalomfikisha mkazi wa Tandika hadi Gongo la Mboto akiwa mgeni rasmi wa mtu, na si mpita njia.

Mwezi Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi iliyoitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili hiyo, na nia yake ilikuwa njema, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kiasi ambacho watu wengi wa mijini wanaoketi kutwa hawakifikii. Hata hivyo ni haki kusema kwamba klabu za uswahilini zilikuwa zikifanya jambo hilo kila wiki bila kuagizwa na mtu, na kwamba kinachowarudisha wanachama wake barabarani ni yale majina yaliyomo daftarini zaidi ya hofu ya kisukari.

Michezo mingine ina milango yake, ingawa ni michache zaidi. Ngumi za ridhaa hufundishwa katika kumbi ndogo za mitaani ambazo kifaa chake kikuu ni gunia la mchanga linaloning'inia. Kikapu kimekuwa kikichezwa kwa miaka mingi katika viwanja vya Don Bosco. Na kituo cha michezo cha Jakaya Kikwete pale Kidongo Chekundu, kilichofunguliwa mwaka 2015, kimethibitisha kwamba hata katikati ya Kariakoo, ambako kila hatua ya ardhi ina bei, inawezekana kutenga nafasi ya vijana kuchezea soka, kikapu na michezo mingineyo ikiwa wakubwa wameamua.

Lakini sifa hizi zote zina upande ulioachwa gizani. Miongoni mwa wageni wa jiji hili, mmoja wa walio wengi na wasioonekana ni msichana wa kazi za nyumbani, aliyeletwa kutoka Iringa, Singida au Dodoma akiwa na umri mdogo, ambaye siku yake huanza kabla ya wenye nyumba kuamka na kumalizika baada ya wao kulala, na ambaye mapumziko yake, kama anayo, ni saa chache za Jumapili mchana. Saa hizo hazilingani na jogingi ya alfajiri wala mazoezi ya saa kumi na moja jioni, na hata zikilingana, kiwanja kinakuwa kimejaa wavulana. Netiboli, ambayo ndiyo aliyoicheza shuleni na anayoijua vizuri, haihitaji zaidi ya mpira mmoja, nguzo mbili zenye pete na wenzake kumi na watatu, lakini mitaa yenye kiwanja cha netiboli kilicho wazi kwa mtu asiye mwanafunzi ni ya kutafuta kwa tochi. Jiji linalofurahia kwamba michezo inawapokea wageni linapaswa kukiri kwamba limewapokea wavulana kwanza, na kwamba msichana huyu, ambaye upweke wake ni mkubwa kuliko wa kijana wa bodaboda kwa sababu anaishi ndani ya nyumba ya wengine, ndiye aliyepaswa kufikiriwa mwanzo.

Chanzo kimojawapo cha upungufu huo ni namna viongozi wanavyoizungumzia michezo ya mitaani. Takriban kila hotuba ya ufunguzi wa mashindano hutaja lengo la kuibua vipaji, na maneno hayo yamekaririwa kiasi kwamba hakuna anayeuliza yanamtenga nani. Kipaji, kwa maana ya uwezo wa kufika Ligi Kuu au timu ya taifa, wanacho wachache mno, na hilo si aibu kwa mtu. Wengine wote, yaani beki mzito wa miguu, mama aliyeanza kukimbia baada ya kujifungua mtoto wa nne, mhasibu aliyehamishiwa jijini bila familia yake, hawaibuliwi na yeyote kwa kuwa hawana cha kuibuliwa, nao ndio wenye haja kubwa zaidi ya kiwanja. Mashindano yanayopimwa kwa vipaji huwatumia watu hao kama watazamaji. Ubaya mwingine ni kwamba yakipimwa hivyo huwa ya msimu, na ndiyo maana kombe la mheshimiwa fulani, lenye zawadi ya mbuzi na seti ya jezi, huonekana uchaguzi unapokaribia na kupotea matokeo yanapotangazwa, ilhali mgeni anahitaji Jumanne na Alhamisi za kawaida, mwaka hadi mwaka, kwa kuwa urafiki hujengwa na mahudhurio.

Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967 iliweka msingi wa kuandikisha vyama na klabu, na kuandikishwa kuna manufaa yake, lakini hakuna klabu, iliyoandikishwa au isiyoandikishwa, inayoweza kuishi bila ardhi, na hapo ndipo palipo na hatari iliyo kubwa kuliko zote. Uwanja wa soka wa kipimo cha kimataifa una urefu wa meta 105 na upana wa meta 68, yaani meta za mraba 7,140, eneo ambalo mpima ardhi anaweza kulikata viwanja vya nyumba kumi na vinne vya meta za mraba 500 kila kimoja. Hesabu hiyo fupi inaeleza mengi kuhusu maeneo ya wazi yaliyotoweka. Inakadiriwa kwamba zaidi ya theluthi mbili ya wakazi wa jiji wanaishi katika makazi yasiyopimwa, ambako hakuna ramani inayotaja kiwanja, na kwa hiyo kinachoitwa kiwanja cha mtaa mara nyingi ni ardhi ya mtu ambaye hajajenga bado. Siku akileta mawe na mchanga, timu huhama au hufa. Hata penye ramani, kuandikwa hakujatosha kuwa kinga, kwa sababu Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaweka utaratibu wa kubadili matumizi ya ardhi, na watu wa mtaa mara nyingi huupata utaratibu huo katika umbo la ukuta uliokwisha kusimama.

Jangwani ni mfano unaojulikana na wote. Uwanda uliozaa klabu na mikutano ya kisiasa ukajengwa karakana ya mabasi yaendayo haraka, huduma iliyoanza mwaka 2016 na ambayo jiji liliihitaji kweli, lakini bonde la Msimbazi halikuacha kuwa njia ya maji kwa sababu ya zege, na mafuriko yameifikia karakana hiyo mara kwa mara. Ardhi ya mafuriko inafaa kiwanja cha mpira kuliko karibu jengo lolote, kwa kuwa mpira ukiahirishwa kwa wiki mbili za masika hakuna kinachoharibika. Mradi wa kuliendeleza bonde hilo, unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, una wazo la bustani kubwa ya jiji, na wapangaji wake wangefanya vema kutenga ndani yake viwanja vya vumbi, vingi na visivyo na uzio, kabla ya kufikiria njia za matembezi na vibanda vya kahawa.

Wakati huohuo fedha na macho ya watu vimeelekezwa kwingine. Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa mwezi Septemba 2023 haki ya kuandaa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, na mwezi Agosti 2025 nchi hizo tatu ziliandaa michuano ya wachezaji wa ligi za ndani, ambayo mechi zake za Dar es Salaam zilichezwa katika Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000. Fahari hiyo ni halali na hakuna sababu ya kuionea kijicho. Inayostahili kukataliwa ni dhana kwamba uwanja wa viti 60,000 unatimiza haja ya michezo ya jiji, kwa kuwa uwanja huo, hata ukijaa, unawapa nafasi ya kucheza watu ishirini na wawili tu.

Hatua ya kwanza isiyohitaji wafadhili wala miaka ni kutumia ardhi ambayo tayari ni ya umma na tayari ina magoli. Shule za msingi na za sekondari za serikali zimesambaa katika kata zote za jiji, nyingi zina kiwanja cha soka na cha netiboli, na nyingi hufunga geti Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, siku zile zile ambazo wafanyakazi wana nafasi. Walimu wakuu wana hofu ya msingi kuhusu madirisha, madawati na usalama wa wanafunzi wanaobaki kwa masomo ya ziada, na hofu hiyo haiondolewi kwa waraka kutoka wizarani. Huondolewa kwa mapatano yaliyoandikwa kati ya kamati ya shule, serikali ya mtaa na timu zinazotambulika, yanayotaja nani atashika ufunguo na nani atalipa kioo kikivunjika, pamoja na posho ya mlinzi kwa siku mbili za wiki kutoka katika mapato ya halmashauri, choo kimoja kilicho wazi, bomba moja la maji, na ratiba iliyobandikwa getini: Jumapili alfajiri jogingi, kuanzia saa saba hadi saa kumi mchana netiboli ya wasichana, wavulana wakisubiri, na jioni soka.